Kabla hujapanda mnara wa taa wa Chumbe

Mgeni akiniomba nimpeleke mahali pamoja tu nje ya Mji Mkongwe, humpeleka Chumbe, na humwambia mapema kwamba tunakwenda kuuona mnara wa taa na mwamba wa matumbawe kwa pamoja, kwani historia ya mmoja haielezeki bila ya mwengine.

Chumbe ni kisiwa kidogo kilichopo kusini ya mji, kiasi cha kilomita 12 kwa bahari, kando ya njia ya meli. Waingereza waliujenga mnara wake mwaka 1904, na mwaka 1926 taa ikabadilishwa ikawa ya gesi ya asetilini. Kwa miongo mingi walioishi hapo walikuwa walinzi wa taa na jamaa zao, na msikiti mdogo waliokuwa wakisalia bado umesimama. Njia ya meli kwa upande mmoja, na eneo la jeshi katika pwani ya Unguja inayokikabili kisiwa kwa upande wa pili, vilifanya uvuvi usiruhusiwe pale. Hivyo ndivyo mwamba wa magharibi ulivyosalimika wakati miamba mingine ikipigwa baruti na kukokotwa nyavu za majuya. Serikali ilipoutangaza kuwa hifadhi mwaka 1994, ilikuta matumbawe yaliyo hai, na leo pana aina zipatazo 200 za matumbawe magumu na zaidi ya aina 400 za samaki. Baadhi ya wanaoulinda na kuwaongoza wageni ni watu waliokuwa wavuvi, nami huwasikiliza hao kuliko kitabu chochote.

Ushauri wangu wa kwanza ni kuangalia mwezi kabla ya kuagiza nafasi. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, maji hupwa sana, matumbawe ya juu hubaki karibu na uso wa bahari, na muogeleaji asiye mzoefu huweza kuyavunja kwa mateke bila ya kukusudia. Maji mafu, siku ambazo bahari haijai wala haipwi sana, humfaa zaidi. Masika usipange kabisa. Chukua viatu vya kufunga, kwa sababu kisiwa chote ni jabali la matumbawe ya kale, lenye ncha kama visu, na ukiinama njiani utaona makombe makubwa yaliyogeuka mawe, yamekaa wazi vile vile kama yalivyokuwa chini ya bahari.

Mnara una ngazi 131. Panda asubuhi au alasiri, jua likiwa limelala, na usiwaharakishe wazee. Ukifika juu, tazama kwanza chini, kwenye mapaa ya makuti ya nyumba saba za wageni: yamejengwa hivyo ili yakinge maji ya mvua, kwa kuwa kisiwa hakina maji matamu, na kila nyumba ina birika lake chini ya sakafu. Kisha geukia magharibi, uone pale rangi ya maji inapokatika ghafla kutoka kijani hadi buluu nzito. Hapo ndipo mwamba unapoporomoka, na ukishaona kwa macho yako jinsi ulivyo karibu na njia ya vyombo, hutouliza tena kwa nini taa iliwekwa hapo.

Nafasi za wageni wa siku moja ni chache, kwa hiyo agiza mapema, na kama wewe ni mkaazi, ulizia bei ya wakaazi. Mwenye uwezo na alale, kwa sababu kaa wa nazi hutoka usiku, na hakuna atakayemuona vizuri mchana.

Aliyepo Pemba asione amekosa. Huko Ras Kigomasha, ncha ya kaskazini-magharibi, upo mnara mwengine wa Waingereza, huu wa chuma, wa mwaka 1900, na hauhitaji boti. Mtafute mlinzi wake, msalimie vyema, omba ruhusa ya kupanda, na shikilia vizuri, kwani ngazi zake ni nyembamba.