Hedifoni za kwanza kwa laki moja na nusu

Mdogo wangu, umesema utasikilizia kwenye daladala za Kijenge na hosteli, basi zile zilizo wazi nyuma (upande wa nje wa vikombe vya masikio una matundu) achana nazo. Sauti yake tamu kweli, lakini inavuja, na makelele ya konda yanaingia yote. Kwa laki moja na nusu chukua za waya, zilizozibwa nyuma, zinazofunika sikio. Hela iende kwenye sauti, si kwenye betri. Ukikuta ATH-M20x za Audio-Technica si mbaya, ila waya ni mita 3, utakukera. Simu yako ina tundu la hedifoni, lile la milimita 3.5? Nyingi za sasa hazina, hivyo tenga hela ya adapta, kile kiunganishi cha kuchomeka waya kwenye tundu la chaji. Na usilipe kabla ya kujaribu: weka wimbo unaoujua, sikiliza sauti ya mwimbaji. Besi nzito hata feki zinayo.