Mtoto Akipenda Ganuni, Usimkimbize Jukwaani

Wazazi wanaoniletea watoto kujifunza fidla au ganuni, chombo cha nyuzi nyingi kinacholazwa mapajani, hapa Unguja huja na swali lilelile: ataanza lini kupiga shughulini? Nawaelewa. Mtoto akishaweza kuokota wimbo wa taarabu kwa kuusikia tu, mtaa mzima unamjua, shangazi zake wanamrekodi kwa simu, na hoteli ya ufukweni inamtaka Ijumaa. Jibu langu huwaudhi: asubiri, na wakati anasubiri akae nyuma ya wazee.

Nota nafundisha, tena kwa ukali. Lakini taarabu asilia haikai yote kwenye karatasi. Maqam zake, yaani ngazi za sauti za Kiarabu kama Rast na Bayati, zina sauti ambazo piano haina, zinakaa katikati ya zile tulizozoea kuziandika, na shingo ya fidla haina alama ya kumwambia mtoto aweke kidole wapi. Sikio ndilo linalompeleka. Sikio hilo halijengwi chumbani na mwalimu mmoja. Linajengwa katikati ya kundi, bashraf, kipande cha vyombo vitupu bila kuimba, inapopigwa na watu wengi kwa pamoja, au mpiga udi anapotoa taksim, akibuni papo hapo peke yake, na wengine wote wametulia. Hapo mtoto hujifunza na kunyamaza, jambo linalowashinda sana wenye vipaji. Muimbaji akishika ubeti, fidla inamjibu, haimpandi kichwani.

Bahati yetu ni kwamba mahali pa kukaa papo. Kundi la taarabu la Ikhwani Safaa lipo tangu 1905, lile la Culture Musical Club tangu 1958, na chuo cha muziki cha DCMA kimefundisha vijana tangu 2002. Mpeleke mtoto kwenye mazoezi kuliko kwenye onyesho. Onyesho limeshapigwa pasi. Kwenye mazoezi ndiko watu wazima wanakokosea, wanasimamisha wimbo, wanabishana juu ya mpito mmoja, kisha wanaanza upya. Kijana anayedhani kipaji ni kutokosea anahitaji sana kuyaona hayo.

Sasa chombo. Ganuni ina nyuzi zaidi ya 70, tatu tatu kwa kila sauti, na daraja lake limekalia ngozi. Masika yakiingia ngozi inavuta unyevu, inalegea, sauti zinashuka. Mtoto anayefanya mazoezi kila siku kwenye ganuni isiyoshika sauti analizoesha sikio lake uongo, na kuuondoa ni kazi ngumu kuliko kufundisha upya. Kwa hiyo kabla ya kumshonea koti la jukwaani, nunua nyuzi za akiba (hapa hazipatikani dukani kama betri, mwagize anayesafiri), na umwekee kwenye simu programu ya kupimia sauti. Chombo kikae ndani ya kasha lake, mbali na dirisha linalotazama bahari, na kisiachwe kamwe ndani ya gari juani.

Kwa fidla, angalia ukubwa. Mtoto aiweke begani chini ya kidevu, anyooshe mkono wa kushoto; kiganja kiweze kukikumbatia kichwa cha fidla na kiwiko kibaki kimekunjika kidogo. Ikishindikana, hiyo ni kubwa, mtafutie ya robo tatu au nusu. Muuzaji akikwambia "atakua nayo", mshukuru uondoke. Nimepokea watoto hodari ambao bega lilishapanda hadi sikioni kwa kupigania fidla ya baba, na mtoto akishalalamika maumivu, mazoezi yasimame siku hiyohiyo.

Liko jambo la fedha ambalo hatulisemi. Kwenye taarabu anayetunzwa ni muimbaji. Kina mama wanatoka na noti zao, wanacheza mpaka mbele, wanampa, wanarudi. Mpiga fidla wa miaka kumi na nne yuko nyuma, amepiga usiku kucha, anaona yote hayo. Usimwambie avumilie. Zungumza na kiongozi wa kundi kabla ya shughuli, ijulikane fungu la mtoto ni kiasi gani na anakabidhiwa nani. Niliowaona wakikimbilia kibodi hawakuwa na chuki na ganuni. Walikuwa wamechoka kurudi nyumbani na soda. Mimi sina ugomvi na taarabu ya kisasa, wengine wanasomeshwa nayo. Akitaka kuipiga, aipige, ila asiache usiku wake wa mazoezi na wazee.

Na ninyi wenye uwezo mnaotaka kumfadhili kijana: masimulizi ya hapa yanasema Seyyid Barghash, sultani wa Zanzibar aliyetawala hadi 1888, alimpeleka Mohamed Ibrahim huko Misri akajifunze ganuni. Aliporudi alifundisha wengine. Ufadhili wa namna hiyo ndio ninaoupenda. Lipia ada ya kijana, kisha mlipe kidogo kila mwezi amshike mkono mwanafunzi mdogo wake. Mwenyewe atanyooka kuliko akinunuliwa ganuni ya pili.

Kwa mtoto wa kike swali langu la kwanza halihusu kipaji. Nauliza nani atamrudisha nyumbani. Muimbaji wa taarabu Siti binti Saad alifika Bombay kurekodi mwaka 1928, na leo kina mama wa Tausi, kundi la wanawake, wanashika vyombo wenyewe, lakini mazoezi ya makundi mengi bado ni ya usiku, na wasichana hodari wengi nimewapoteza kwa sababu hiyo tu. Mama mmoja huja na ushoni wake, anakaa ukumbini mpaka tumalize; siku hizi ananiwahi kuniambia fidla ya bintiye imeshuka. Asiyeweza kukaa apokezane na wazazi wengine wa mtaa wake, na kiongozi wa kundi aambiwe mapema, mbele ya mtoto, kwamba saa tatu huyu anatoka, wimbo umekwisha au haujaisha.