Maswali ya Wasomaji: Taa Moja ya Mbele Inawaka kwa Unyonge

SWALI: Ndugu Mhariri, nina Toyota Hilux ya miaka ya 1990 ninayobebea mazao kutoka Korogwe hadi Tanga, na mara nyingi huondoka kabla hakujapambazuka. Taa ya mbele ya kushoto imefifia na kuwa nyekundu kama kaa linalokaribia kuzimika. Nikiwasha dimu (mwanga wa chini), ile alama ya buluu ya fulu (mwanga mkali wa mbali) kwenye dashibodi nayo inawaka kwa mbali. Nimekwisha kubadilisha balbu mara mbili bila mafanikio. Fundi mmoja ananishauri ninunue balbu za wati 100, na mwingine anasema swichi ya taa imekufa. Nimsikilize yupi? – Msomaji, Korogwe.

JIBU: Ndugu msomaji, kwa sasa usitoe fedha kwa ushauri wa yeyote kati yao. Swichi ya dimu na fulu inahudumia taa zote mbili, kwa hiyo kama ingekuwa imekufa, taa ya kulia nayo isingesalimika. Balbu nazo si rahisi ziwe mbovu mbili mfululizo, tena kwa dalili ile ile. Alama ya buluu uliyoitaja, ambayo madereva wengi huipuuza, ndiyo inayotuonyesha tatizo lilipo.

Balbu ya aina ya H4, inayotumika kwenye magari mengi kama lako, ina nyuzi mbili za kutoa mwanga ndani ya kioo kimoja, yaani uzi wa dimu wa wati 55 na uzi wa fulu wa wati 60. Nyuma yake kuna pini tatu, na mojawapo ni ya pamoja kwa nyuzi zote mbili. Katika Toyota nyingi za miaka hiyo, pini ya pamoja hupokea chanya kutoka kwenye fyuzi, na kazi ya swichi ni kuunganisha dimu au fulu na hasi. Chanya ya upande wa kushoto ikikatika, umeme hutafuta njia nyingine: hutoka taa ya kulia kupitia uzi wake wa fulu, huingia taa ya kushoto kupitia uzi wa fulu, kisha hutokea kwenye uzi wa dimu. Hapo nyuzi tatu zinagawana volti 12 zilizokusudiwa uzi mmoja, na alama ya buluu, kwa kuwa imeungwa kwenye waya wa fulu, inaambulia umeme kidogo. (Kwenye Land Rover za zamani na magari mengi ya Ulaya mpangilio ni kinyume, kwa maana pini ya pamoja ndiyo hasi, huko dalili hii hii inakutaka ufungue bolti ya waya wa hasi kwenye bodi na kuisugua kwa msasa.)

Ili uthibitishe, washa dimu kisha chomoa soketi ya kushoto. Alama ya buluu ikizimika, hitilafu iko kwenye chanya ya upande huo. Anza na fyuzi ya taa ya kushoto, ambayo kwa kawaida ni tofauti na ya kulia. Usiridhike kwa kuitazama tu, kwa sababu fyuzi huweza kupasuka mguuni bila kuonekana. Gusa ncha zake mbili za juu kwa testa (kitaa kidogo cha kupimia umeme) huku taa zikiwa zimewashwa. Ncha moja ikiwasha testa na nyingine isiwashe, fyuzi imekatika. Weka nyingine ya ampea zile zile zilizoandikwa kwenye kifuniko cha kisanduku. Hiyo mpya nayo ikikatika, usiongeze ukubwa wake, bali tafuta waya uliochubuka na kugusa bodi, hasa unapopita karibu na betri na nyuma ya taa.

Fyuzi ikiwa nzima, rudi kwenye soketi. Plastiki iliyobadilika rangi kuwa ya kahawia, au pini zenye kutu ya kijani, ni ushahidi wa kutosha. Hapa nasisitiza jambo moja: pima volti huku soketi ikiwa imechomekwa na taa imewashwa. Waya uliobakiwa na uzi mmoja wa shaba utakuonyesha volti 12 kamili usipobeba mzigo, nawe utadhani uko salama. Linganisha kipimo cha kwenye betri na kile cha kwenye pini za balbu. Tofauti ikizidi nusu volti, kuna umeme unaopotea njiani. Upungufu wa asilimia 10 ya volti huondoa karibu asilimia 30 ya mwanga. Soketi iliyoungua ikatwe, na mpya iungwe kwa kulehemu na kufunikwa vizuri, wala si kwa kusokota nyaya na kuzungushia utepe.

Kuhusu balbu za wati 100, naomba uachane nazo kabisa. Balbu ya wati 55 huvuta chini ya ampea 5, ilhali ya wati 100 huvuta zaidi ya ampea 8, na nyaya pamoja na soketi za kiwandani hazikutengenezwa kubeba joto hilo.

SWALI: Balbu zangu zote mbili huungua kila baada ya majuma machache, na taa huongezeka mwanga nikikanyaga mafuta. Tatizo ni nini? – Msomaji, Mombasa.

JIBU: Pima volti kwenye vichwa vya betri injini ikiwa inazunguka kwa kasi ya wastani. Kipimo cha kawaida ni kati ya volti 13.8 na 14.5. Kikizidi 15, kidhibiti cha chaji cha alteneta (mtambo unaochaji betri) kimeharibika, na maji ya betri nayo yatakuwa yanakauka upesi kupita kawaida. Kirekebishe kwanza ndipo ununue balbu nyingine, na unapozifunga, usiguse kioo chake kwa vidole, kwa kuwa mafuta ya ngozi hukifanya kipate joto lisilo sawa na kupasuka.