Maswali na majibu: Milima yetu ilitokea wapi?

Mwanangu wa darasa la sita anabisha kwamba milima ya Usambara si ya volkano. Kilimanjaro si mbali na hapa, na ule ni wa volkano. Nani mkweli? (Msomaji, Lushoto)

Mwanao. Usambara, kama Pare na Uluguru, ni pande la ardhi lililobaki juu baada ya ganda la dunia kupasuka na sehemu ya jirani kushuka. Ukitoka Mombo kwenda Same unauona mkono wa kulia: mlima umesimama wima kama ukuta, bila miteremko ya taratibu kabla yake.

Ushahidi mwingine uko kwenye mawe. Okota jiwe lililovunjika kando ya barabara ya kupanda Lushoto: utakuta mistari myeusi na myeupe iliyopindapinda. Mwamba huo uliiva kwa joto na mgandamizo chini kabisa ardhini, zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita. Nenda Moshi uokote jingine. Ni jeusi, na mara nyingi lina vitobo vilivyoachwa na gesi wakati lava inapoa. Mlima Kilimanjaro ulianza kujijenga kama miaka milioni 2.5 iliyopita tu, na ni volkano tatu zilizoungana: Shira iliyokwisha kubomoka, Mawenzi iliyochongwa na mmomonyoko, na Kibo yenye mita 5,895.

Kwa hiyo Kibo imekufa?

Imelala. Shira na Mawenzi ndizo zilizokufa. Ndani ya kreta ya Kibo bado hutoka gesi yenye harufu ya kiberiti.

Nilipita karibu na Oldonyo Lengai nikaona weupe juu. Mwenzangu akasema ni theluji. Inawezekana?

Hapana, Lengai una mita 2,962 tu. Weupe huo ni lava, na hapo ndipo mlima huu unapowashangaza hata wataalamu. Lava ya volkano nyingine hutengenezwa hasa na silika (madini yaliyo pia kwenye mchanga), nayo huweza kufikia nyuzi joto 1,100 na zaidi. Ya Lengai imejaa kaboneti za sodiamu na potasiamu, jamii ya magadi yale tunayotia kwenye maharage. Hutoka ikiwa na nyuzi 500 hadi 600 hivi, nyeusi, nyepesi, inatiririka upesi. Ikishapoa na kukutana na unyevu wa hewa hubadilika, na baada ya muda mfupi inakuwa nyeupe. Hakuna volkano nyingine hai duniani inayojulikana kutoa lava ya namna hiyo.

Vitabu vya jiografia huanza na milima kunjamano, halafu mifano ni Himalaya na Alps. Sisi hatuna?

Barani Afrika kuna Atlas, kule Morocco na Algeria. Huku Afrika Mashariki milima yetu mikubwa si ya aina hiyo, na sababu ni moja: ili tabaka za miamba zikunjamane, sharti mabamba mawili ya dunia, yaani vipande vikubwa vya ganda lake, yasukumane. India iliigonga Asia miaka kama milioni 50 iliyopita, na matope ya bahari iliyokuwa katikati yakabanwa, yakakunjwa, yakapandishwa. Ndiyo maana karibu na kilele cha Everest, mita 8,849, kuna mawe ya chokaa yenye mabaki ya viumbe wa baharini. Kwetu ardhi inavutwa huku na huku. Ikivutwa hupasuka, na penye ufa uji wa moto hupata njia. Kwa maoni yangu, vitabu vyetu vingeanzia kwenye milima ambayo mtoto anaiona akiwa dirishani, Himalaya ingefuata baadaye.

Na Rwenzori? Ina barafu kama Kibo.

Barafu ni habari ya kimo, haisemi mlima ulizaliwaje. Rwenzori ni pande la mwamba wa kale lililoinuliwa kati ya nyufa za tawi la magharibi la Bonde la Ufa, hadi mita 5,109. Volkano za upande huo ni za Virunga, kusini zaidi. Mmojawapo, Nyiragongo, ulimwaga lava hadi pembezoni mwa mji wa Goma mwezi Mei 2021.