Kabla hujanunua tena dawa ya fangasi

Kwa miaka miwili nilikuwa mteja wa duka la dawa moja mtaani kwetu Morogoro. Nikitokeza tu, dada wa pale ananiuliza, "Zile zile?" Naitikia kwa kichwa, natoa hela, nasokomeza pakiti kwenye mkoba kabla mteja mwingine hajaingia. Vidonge vya kuchomeka ukeni, usiku sita, muwasho unatulia. Wiki tatu, nne, nimepumzika. Halafu siku moja niko kazini nausikia tena ule mwanzo wake, naanza kukaa upande upande kwenye kiti. Mwanamke aliyewahi kuamka saa nane usiku kwenda kujimwagia maji ya baridi ili apate usingizi anajua ninachosema.

Nikikaa na wenzangu nasikia neno lile lile, "fangasi sugu", na wengi wanafanya nilichokuwa nafanya mimi, yaani kutibu jina. Neno fangasi kwetu limebebeshwa mzigo mkubwa mno. Mapunye ya mtoto kichwani ni fangasi, vidole vya miguu vinavyobabuka kwa kuvaa viatu vya kufunika ni fangasi, ukeni kukiwasha ni fangasi, na kukinuka pia ni fangasi. Lakini mapunye na ugonjwa wa vidole kwa kawaida huletwa na fangasi wanaokula ngozi, nywele na kucha. Wa ukeni ni kundi lingine, jamaa ya hamira, wanaitwa kandida. Ndio hao hao wanaoweka utando mweupe kwenye ulimi wa mtoto mchanga, na vipele vyekundu kwenye mikunjo iliyofunikwa na nepi. Na ile harufu ya shombo la samaki, hasa baada ya tendo la ndoa, kwa kawaida si fangasi kabisa. Hiyo mara nyingi ni bakteria wa ukeni waliovurugika, na dawa ya fangasi haitawagusa hata ukiitumia mwaka mzima. Ute wa njano au wa kijani wenye povu unaweza kuwa trikomona, ambayo huambukizwa kwa kujamiiana, na hapo mwenza naye lazima atibiwe.

Kandida wenyewe hawatoki mbali. Wanaishi kwenye utumbo, mdomoni na ukeni kwa wanawake wengi wasioumwa chochote. Wanadhibitiwa na bakteria walinzi wanaotengeneza asidi na kuufanya uke uwe na uchachu. Kwa hiyo fangasi wakirudi kila mara, swali la kuuliza ni nani amewaondoa walinzi, au nani anawalisha hawa kandida.

Kwangu jibu lilikuwa kwenye mfuko wa plastiki. Hospitali niliyokwenda mwishoni, daktari aliniambia nirudi na pakiti zote za dawa nilizotumia. Kwa bahati huwa situpi makopo wala makaratasi ya dawa, nikazibeba zote. Akazimwaga mezani, akaanza kuzigawa mafungu mawili taratibu kama mtu anayechambua mchele. Upande huu dawa za fangasi. Upande ule sipro, amoksilini, na antibayotiki nyingine ambazo nilishasahau hata majina yake. Fungu la pili lilikuwa kubwa kuliko la kwanza.

"Hizi zilikuwa za nini, mama?"

"UTI sugu, daktari."

"Mkojo ulioteshwa maabara?"

Haukuoteshwa hata mara moja, yaani kuwekwa maabara hadi vijidudu vikue na kutambulika. Nilikuwa naeleza kwamba nikikojoa naungua, naandikiwa antibayotiki. Alinifafanulia kitu ambacho natamani kila binti angefundishwa mapema. Maumivu ya UTI mara nyingi yanasikika ndani, na unakwenda haja ndogo kila saa na kutoa matone. Ukiwa na fangasi, mkojo unachoma kwa nje, pale unapopita juu ya ngozi iliyokwisha kuvimba na kuchubuka kwa kujikuna. Mimi nilikuwa naungua kwa nje. Nikimeza antibayotiki, inawaua bakteria walinzi, kandida wanabaki peke yao uwanjani, muwasho unarudi mkali zaidi, naungua tena, naambiwa UTI imerudi. Nilikuwa nalipia kuugua kwangu mwenyewe, na niliporudi nyumbani siku ile nililia.

Walinichukua ute kwa kijiti cha pamba. Kikaratasi cha kupima uchachu kilionyesha uko sawa, jambo ambalo ni la kawaida kwa fangasi. Wakivurugika bakteria, uchachu hupungua. Mtaalamu wa maabara aliniruhusu nichungulie hadubini. Niliona nyuzi ndefu zimetawanyika kama miyaa ya mkeka, na pembeni yake vipunje vinavyochipuka kimoja juu ya kingine. Miaka miwili ya kukosa usingizi, na ndiyo mara ya kwanza nawaona.

Ute wangu uliobaki ulioteshwa, ukaonyesha ni kandida albikansi, wale wa kawaida. Kuotesha kuna maana sana kwa mtu anayerudiwa, kwa sababu aina hazilingani. Kandida krusei hasikii flukonazoli, dawa ya fangasi ya kumeza, na kandida glabrata mara nyingi anaipuuza au anahitaji dozi tofauti. Ukiwa na mmoja wa hao, kumeza kidonge kile kile kila mwezi ni kupoteza hela. Rudi ukapimwe aina.

Nilitibiwa hivi: flukonazoli miligramu 150, vidonge vitatu, kimoja kila baada ya siku tatu, kisha kimoja kwa wiki kwa miezi sita. Nilimeza kila Jumapili baada ya ibada. Mpango huu ni wa kusimamiwa na daktari, kwa sababu dawa hii inagombana na dawa nyingine, na mjamzito hapaswi kuimeza bila ushauri. Yeye kwa kawaida hupewa za kuchomeka. Ujauzito wenyewe hualika fangasi, kwa kuwa homoni ya estrojeni hupanda. Madaktari huhesabu kuwa fangasi wanajirudia kama wamekupata mara tatu au zaidi ndani ya mwaka mmoja. Ukifika hapo, acha kwenda dukani.

Na kuna hivi tunavyojifanyia wenyewe. Mimi nimeweka shabu. Nimenawa kwa ndimu, nimejiosha ndani kwa vidole na sabuni yenye harufu, na rafiki yangu aliweka kitunguu saumu akaungua hadi akashindwa kutembea. Uke unajisafisha wenyewe ndani. Unahitaji maji ya kawaida kwa nje, basi. Ukiona mtu mtandaoni anakuuzia poda ya kubana na kutibu fangasi kwa pamoja, mpite.

Kuhusu waume zetu niseme wazi, kwa sababu hapa ndoa zinaumia. Nilimtuhumu mume wangu. Nilipekua simu yake. Yeye naye alikaa kimya siku kadhaa akiwaza yake juu yangu. Daktari alituita wote wawili akatueleza kuwa fangasi wa ukeni hawahesabiwi kuwa ugonjwa wa zinaa, na mwanaume asiye na muwasho wala vipele kwa kawaida hahitaji dawa. Tulitoka pale hatuongei. Kufika kituo cha daladala, akanishika mkono.

Si kila mtu chanzo chake ni antibayotiki kama mimi. Mama yangu mdogo, fundi cherehani, alikuwa na fangasi ukeni na chini ya matiti, pale jasho linapotuama, na kila akipona wanarudi. Nilimsukuma akapime sukari asubuhi kabla ya kula. Ilisoma 14. Ya kawaida inatakiwa iwe chini ya 6.1, na kuanzia 7 ni kisukari, ambacho huthibitishwa kwa kupima tena. Alipopima tena, bado ilikuwa juu. Hakuwa akijua kabisa, na kiu aliisingizia joto. Sukari ikipanda, kandida wanapata chakula na kinga inalegea. Alipoanza kliniki na sukari ikashuka, fangasi walikoma wenyewe polepole. Kinga ikishushwa na VVU au na dawa za steroidi za muda mrefu, nako fangasi hujirudia, kwa hiyo ukiambiwa upime VVU usione umedharauliwa. Pima. Na utando mweupe mdomoni kwa mtu mzima, au maumivu wakati wa kumeza, usikae nao nyumbani.

Nilimaliza miezi sita. Baada ya kuacha wengi hurudiwa, na mimi walinirudia mara moja tu, mwezi wa nne tangu niache. Nilikwenda kupimwa ute kwanza, ndipo nikapewa dawa. Juzi juzi nimeugua kifua, ikathibitika nahitaji antibayotiki kweli. Kabla daktari hajaandika nilimweleza historia yangu yote. Akaandika antibayotiki ya siku tano, na pembeni akaongeza flukonazoli ya kuwazuia. Nikamaliza dozi, na saa nane usiku sikuamka.