Maswali na majibu: Ghala linalomchosha mkusanya oda

Nina ghala la jumla Mwanakwerekwe. Vyakula nimeviweka upande mmoja, sabuni upande wa pili, vinywaji mwisho. Mbona oda bado zinachelewa?

Mpango huo unamfaa anayehesabu mali, haumfai anayekusanya oda. Chukua hati za oda za miezi 3 iliyopita, uhesabu kila bidhaa imeandikwa mara ngapi. Mara, si magunia. Mteja anayebeba magunia 200 ya mchele kwa mkupuo hasumbui miguu ya mtu. Sabuni ya kipande inayoitwa mara 60 kwa siku ndiyo inayowachosha vijana. Kama iko mita 40 kutoka meza ya kufungia na kila mara inafuatwa peke yake, huo ni mwendo wa mita 4,800 kwa siku. Ihamishie mita 10, zinabaki 1,200. Na hiyo ni bidhaa moja tu.

Zinazoitwa sana zikae karibu na meza, kimo cha kati ya goti na bega. Lakini usizirundike zote kwenye njia moja, maana wakusanyaji watapigana vikumbo. Zigawe mwanzoni mwa njia mbili au tatu. Viroba vya kilo 25 na madumu ya lita 20 vipandishe juu ya paleti (majukwaa ya mbao ya kuwekea mizigo) mbili zilizobebana. Kumwinamisha mtu mpaka sakafuni kutwa nzima ni kumharibu mgongo, na mgongo wa hamali ndio riziki yake.

Bidhaa ghali ziwe mbele?

Hapana. Ghali ifungiwe kwa kufuli, mbele ikae inayoitwa mara nyingi.

Programu gani ya kompyuta itanipangia ghala? (Wete)

Swali hili nimelijibu mara nyingi, na wanaouliza bado hawajabandika hata namba moja kwenye rafu. Bila namba hakuna programu itakayokusaidia. Anza hivi: njia, sehemu, ngazi, nafasi, kwa mfano B-10-2-3. Sehemu ziruke: 05, 10, 15, ili ukiongeza rafu katikati usibandue vibao vyote. Herufi I na O ziache, husomwa 1 na 0. Ngazi zihesabiwe kutoka chini, ghala zima.

Kisha karatasi ya oda ifuate mpangilio wa njia, si wa alfabeti. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: namba zipo ukutani, lakini karatasi bado inamrudisha kijana njia ileile mara nne. Tena, juisi ya embe na ya pasheni zenye pakiti za kufanana zisikae jirani. Weka kitu kingine kati yake, upunguze oda zinazorudishwa.

Nimepata nafasi kando ya unga na majani ya chai. Niweke viungo hapo?

Usithubutu. Chai na unga hunywa harufu, na mdalasini au pilipili manga hazifichiki. Sabuni na dawa za mbu ni hivyohivyo. Na vyakula vyote visigande ukutani: acha nusu mita, juu ya paleti, hasa masika, kuta zinapotoka jasho.

Njia iwe na upana gani?

Toroli ya paleti ya mkono, mita 1.8 hadi 2. Foklifti ya kawaida (gari la kunyanyulia mizigo), usishuke mita 3.5.

Ramadhani ghala letu la Chake Chake linazidiwa kila mwaka. Tuongeze watu?

Panga upya kwanza. Watu wengi katika mpango mbovu huzibiana njia. Shaabani ikiingia, tende, sukari, unga wa ngano na tambi zisogee mbele, na vilivyolala virudi nyuma. Mbele weka mzigo wa siku moja tu, akiba ibaki nyuma, na kila bidhaa iwekewe alama ya kiwango cha chini. Ikifika hapo, ijazwe usiku au alfajiri, kabla oda hazijaanza. Anayejaza aweke mzigo mpya nyuma ya wa zamani, ule wa tarehe ya karibu utoke kwanza. Baada ya Idi hesabuni tena, mrudishe. Wala msipange paleti za ziada mbele ya mlango wa dharura au mtungi wa kuzimia moto, hata kwa usiku mmoja.