Malipo yako yaandikwe kwa jina lako

Ndugu Mhariri, swali la wiki hii limeuliza kama mtu asiye na kadi ya mkopo ya benki anaweza kujijengea historia nzuri ya mikopo. Hapa Kigoma, ninakofanya biashara ya dagaa katika mwalo wa Kibirizi, sijawahi kuiona kadi hiyo mkononi mwa mfanyabiashara mwenzangu, na bado wapo wanaokopeshwa na benki mwaka baada ya mwaka. Jibu langu ni ndiyo, kwa sharti moja ambalo wengi hatulizingatii: malipo yako yaandikwe kwa jina lako, mahali ambapo mkopeshaji mwingine anaweza kuyasoma.

Kwa miaka kadhaa nilikuwa mwanachama wa kikoba, kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana. Nilinunua hisa kila wiki, nilikopa, nilirejesha, na sikuwahi kutozwa faini ya kuchelewa. Nilipokwenda kuomba mkopo mkubwa kwa mkopeshaji mmoja mjini, niligundua kwamba uaminifu huo wote ulikuwa ndani ya daftari la katibu wetu tu. Kilichoonekana katika taarifa zangu ni mkopo mdogo wa simu ambao haukulipwa, uliochukuliwa kwa laini niliyoisajili kwa namba yangu ya NIDA kisha nikampa mpwa wangu aitumie. Deni lenyewe halikufika bei ya ndoo moja ya dagaa. Nililipa siku ileile, lakini ombi langu lilikuwa limekwisha kukataliwa, na msimu ule nilifanya biashara kwa mikopo ya mtaani tunayoiita kausha damu, ambayo hata ukiilipa kwa wakati haikuachii sifa popote.

Baadaye ndipo nilipojifunza jinsi mambo yanavyokwenda. Tangu kanuni za mwaka 2012, benki hupeleka taarifa za wakopaji wake katika kanzidata ya Benki Kuu ya Tanzania, na kampuni zenye leseni, zikiwamo Creditinfo na Dun & Bradstreet, huandaa ripoti ambayo mkopeshaji huisoma kabla ya kuamua. Mkopo mdogo uliomalizwa kwa wakati huonekana humo, kama vile deni lililotelekezwa linavyoonekana. Kwa hiyo nilianza na mkopo mdogo kabisa, nikaanza kupokea malipo ya wateja kwa simu, kupitia lipa namba, ili mauzo yangu yaonekane, na kabla ya kujiunga na SACCOS, yaani chama cha ushirika cha akiba na mikopo, niliuliza kwanza kama taarifa za marejesho ya wanachama hupelekwa katika kanzidata hiyo.

Jambo ambalo ningependa wenzangu wa ziwani walifikirie zaidi ni ratiba ya marejesho. Mbalamwezi inapokuwa kali, taa za wavuvi hazivuti dagaa na mwalo hupoa kwa siku kadhaa. Anayelipa kila wiki lazima azikute siku hizo, na hapo ndipo kuchelewa kunapoanza. Mimi huomba kulipa kwa mwezi, na huanza kutenga fedha ya rejesho wiki ambayo mzigo ni mwingi. Mwaka 2024, Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, nilimwendea afisa mikopo kabla ya ziwa kufungwa, nikiwa na daftari la mauzo, nikaomba ratiba ibadilishwe. Alikubali. Baadhi ya wenzangu walizima simu, na walipoziwasha Agosti walikuwa na miezi mitatu ya kuchelewa katika taarifa zao, ingawa sababu yao ilikuwa sawa na yangu.

Udhamini nao uangaliwe kwa jicho hilohilo, kwa maana unayemdhamini akishindwa kulipa, deni linakugeukia wewe.

Mwisho, omba ripoti yako uisome kabla hujaomba mkopo mwingine. Mara ya kwanza nilipoiomba yangu, mkopo niliokwisha kuumaliza ulikuwa bado unasomeka kuwa una salio. Nilirudi kwa aliyenikopesha nikiwa na stakabadhi zote, kuanzia rejesho la kwanza hadi la mwisho, pamoja na barua ya kumaliza deni, na kosa hilo likasahihishwa.